Redio ya mjomba, kristali namba 66 na helikopta isiyosamehe

Mjomba alirudi kutoka Uingereza na masanduku mawili. La kwanza la nguo na zawadi za watu. La pili la alumini, zito, lina sponji ndani iliyokatwa kufuata umbo la kila kifaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Wajomba wa wenzetu hurudi na friji. Wetu alirudi na helikopta ya kuchezea, ingawa neno "kuchezea" ukilitamka mbele yake mpaka leo anakukata jicho.

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Siku aliponiita nilidhani televisheni imekufa. Nikamkuta barazani, sanduku wazi, kapakata rimoti ya Futaba FF9 kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii imegoma kuwaka, mpwa wangu. Usije ukaniambia hakuna spea."

Ndani mlikuwa na betri nane za nikeli zilizofungwa pamoja kutoa volti 9.6, miguu yote imeota chumvi. Nikazitoa, nikasugua vituo kwa mswaki na maji ya limau, nikamfungia nane mpya. Skrini ikawaka na jina la helikopta aliyoirusha mara ya mwisho, enzi hizo akiwa bado anavaa koti la baridi. Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kunifundisha, na ndiyo siku nilipoambukizwa.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaotengeneza ndege za povu hunijia kibandani na swali moja: fundi, ninunue rimoti gani? Wanataka jina tu. Nikianza kueleza wanaangalia simu zao. Basi nimeeleza huku, anayetaka asome.

Rimoti ya mjomba ilitumia masafa ya megahezi 35, ambayo Uingereza iliyatenga kwa ndege za modeli peke yake. Yamegawanywa chaneli 36, namba 55 hadi 90, na kila moja imeachana na jirani yake kwa kilohezi 10. Ya mjomba ni namba 66, yaani megahezi 35.060. Kinachoamua namba ni kristali, kijichuma kidogo kama punje ya haragwe. Unakichomeka kimoja kwenye rimoti na kingine kwenye risiva ya ndegeni. Vimeandikwa namba ileile lakini havibadilishani, kwa kuwa cha risiva, kwenye zile risiva za aina rahisi, kimeshushwa kilohezi 455. Nilipoiona hiyo 455 nilicheka peke yangu. Ndiyo masafa ya kati (IF, yale ambayo redio huigeuzia ishara ndani yake kabla ya kuitoa sauti) ya redio za AM ninazozifungua kila siku ya Mungu! Mjomba alikuwa anarusha ndege kwa mzunguko uleule unaomletea bibi taarifa ya habari.

Klabuni kwao kulikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo, kila kibanio na namba. Huwashi rimoti mpaka ubebe kibanio cha namba yako. Ukikikosa, kuna mwenzako yuko hewani kwa namba hiyo, na ukiwasha unamwangushia ndege yake. Mjomba anasema aliwahi kuona mtu mzima akilia kwa sababu ya kibanio.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Rimoti haiambii ndege "pinda kulia". Kila kijiti unachosukuma kinageuzwa kuwa mpigo wa umeme wa kati ya milisekunde 1 na 2, milisekunde 1.5 maana yake katikati. Mipigo ya chaneli zote (hapa chaneli ni kila amri ya kijiti au swichi, si namba ya hewani) inapangwa foleni moja, na foleni hiyo inatumwa upya mara 40 na kitu kwa sekunde. Mfumo huo unaitwa PPM. Ukiingiliwa na kelele, mpigo unaharibika njiani na servo, ile mota ndogo inayosukuma usukani, inatetemeka pale pale. Wewe uliye chini unaiona ndege inashtuka. Halafu ukaja PCM, ambao unatuma tarakimu badala ya mipigo mitupu. Risiva inakagua hesabu, ujumbe ulioharibika inautupa na kushikilia ule mzuri wa mwisho. Ndege inatulia kabisa, hakuna kutetemeka, mpaka mawasiliano yakatike moja kwa moja.

Mjomba ana namna yake ya kulisema hilo. "PPM inakohoa kabla ya kufa. PCM inazimia tu." Na baada ya hapo lazima aongeze: "Kwa hiyo usinihadithie inafika mbali kiasi gani. Niambie ikikatika inafanyaje."

Nilimwitikia, ndiyo mjomba. Sikuelewa.

Rimoti yangu ya kwanza ilikuwa FlySky FS-i6, chaneli sita, betri nne ndogo za tochi, kumbukumbu ya ndege ishirini. Hii ni ya gigahezi 2.4, jamii ya masafa ya Wi-Fi. Mlango huo kwa ndege ulifunguliwa na Spektrum mwaka 2005 walipotoa DX6 ya ndege ndogo. Mwaka uliofuata wakatoa DX7 ya ndege za ukubwa wowote, na tangu hapo kristali zikaanza kuhamia makumbusho. Kila rimoti ina utambulisho wake, unaioanisha na risiva mara moja, na risiva haisikilizi mwingine tena. Vibanio vya nguo vikarudi kwenye kamba ya kuanikia.

Lakini zote kuwa 2.4 hakuzifanyi kuwa ndugu. Rimoti ya Futaba haizungumzi na risiva ya Spektrum, na FlySky haimjui yeyote kati yao. Hata tabia zao ni tofauti. Ule mfumo wa Spektrum wa DSM2 ukiwashwa unatafuta masafa mawili yaliyo wazi na kukaa hapo hapo, kama mtu aliyewahi viti viwili barazani na hahami hata wageni wakijaa. FASST ya Futaba inarukaruka kutoka masafa haya kwenda yale bila kupumzika. Baadaye Spektrum nao wakaleta DSMX inayoruka, na AFHDS 2A ya FlySky nayo inaruka. Uwanjani kwetu, ambako kelele kubwa ya hewani ni simu za wanafunzi, sijaona tofauti yake kwa macho. Ukirushia katikati ya mji wenye Wi-Fi kila ghorofa, hapo sikubishii.

Tofauti niliyoiona kwa macho ni antena. Risiva ya mjomba ya megahezi 35 inaburuta waya wa kama mita nzima hadi nyuma ya mkia. Ya 2.4 inayofanya kazi ni milimita 31 za ncha tu, na ndiyo maana risiva nyingi zina mbili, unazilaza ziachane kwa pembe ya nyuzi 90 ili moja ikijificha nyingine ionekane. Mawimbi haya mafupi yana dharau: mwili wa mtu unayazuia, mti mbichi unayazuia, karboni inayazuia kuliko vyote. Na usiinyooshee ndege ncha ya antena ya rimoti kama unayeonyesha mwezi, kwa sababu nchani ndiko nguvu ni ndogo kabisa. Ilaze ubavu.

Mimi nilikosea zote. Ndege yangu ya kwanza niliitengeneza kwa povu gumu la boksi la samaki. FS-i6 ilikuwa bado iko njiani, posta, nami sikuwa na subira. Nikaazima rimoti kuukuu na risiva ya bei ya kutupa, jina lake hata silikumbuki. Antena nikaibana kwa selotepu sambamba na nyaya za mota, kazi nadhifu, nikajisifu. Tulikwenda kiwanja cha mpira cha kambi moja ya mkonge, njia ya Pongwe (mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji wana habari zetu, usirushe kitu bila watu wa hapo kukujua, na kama kina kamera mambo ya vibali ni mazito zaidi). Kusi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuamka. Nikaipeleka ndege nyuma ya miembe, chini chini. Ikaacha kunisikia.

Haikuanguka, na hilo ndilo lililonitisha. Mabawa sawa, mota nusu ya moto, imeshika amri yangu ya mwisho kwa utiifu wote, ikaenda zake na kusi. Tukaikodolea macho mpaka ikawa kunguru, ikawa nzi, ikawa hakuna.

Iliokotwa siku ya tatu na mkata mkonge. Mwiba wa mkonge umepita bawa la kulia na kutokea juu, betri imevimba kama andazi. Aliikabidhi kwa heshima, akauliza kama kuna zawadi. Ilikuwepo.

Kosa halikuwa la risiva peke yake. Kuna kitu kinaitwa failisefu, yaani amri unayoiwekea risiva mapema kwamba nikipotea, fanya hivi. Sikuwa nimeiweka. Sasa kijana akija na ndege mpya kibandani siulizi rimoti ni ya kampuni gani. Namwambia atoe propela, awashe mota nusu, halafu azime rimoti mbele yangu. Mota ikiendelea kunguruma hatoki na ndege hiyo. Kwa ndege nataka mota izime na usukani uvutwe kidogo upande mmoja, ili ishuke ikizunguka hapo hapo badala ya kumtembelea mtu kijiji cha pili. Baada ya hapo anatembea hatua thelathini huku rimoti imepunguzwa nguvu kwa majaribio, na kama servo zinasita, tunarudi kwenye antena. Hayo ni dakika kumi. Rimoti zote tatu tulizonazo (ya tatu nitaitaja mbele) zinapita mtihani huo, na ya bei nafuu inapita sawa na ya mjomba.

Nikadhani basi, mashindano yamekwisha, ya bei nafuu imeshinda. Mjomba akaniwekea helikopta mezani.

Ni ile saizi inayoitwa 450, ya umeme, mapanga yake yana urefu wa milimita 325 kila moja. Ukijumlisha kitovu, duara lina kipenyo cha sentimita 71 hivi. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe, halafu usogeze uso.

Ndege ya kawaida ukipoteza mawasiliano inaweza kuteleza hewani ikashuka kwa huruma. Helikopta haina huruma hiyo. Failisefu yake kazi yake ni kuzima mota ili ianguke kama jiwe badala ya kuanguka kama mashine ya kukatia majani. Na hata ikiwa salama, inaidai rimoti vitu ambavyo ndege haijawahi kuviota. Kijiti kimoja kinaendesha mambo mawili kwa wakati mmoja: kasi ya mota na ulalo wa mapanga. Uhusiano wa hayo mawili ni mkunjo unaouchora kwenye rimoti, nukta kwa nukta. Kuna mkunjo wa kuondokea chini, na kuna mwingine wa swichi ya pili ambapo mota inakwenda kasi ileile hata kijiti kikiwa chini, ili helikopta iweze hata kugeuka mgongo. Chini ya mapanga kuna sahani inayoinamishwa na servo tatu zilizopangwa kwa nyuzi 120, zote zikitakiwa kwenda pamoja kama wabebaji wa jeneza. Mkia una jairo, kifaa kinachohisi mkia unavyogeuka na kuutuliza, nayo inataka ipangiwe ukali wake. Na juu ya vyote kuna swichi ya kuua mota, ambayo kidole chako kiijue hata usingizini.

FF9 ya mjomba ina ukurasa wa kila kimoja. Unazungusha kitufe, unasoma, unajaza, kama fomu ya benki. Imetungwa na watu walioumwa na helikopta. FS-i6 nayo, nikiri, ina menyu ya helikopta, mikunjo na sahani ya nyuzi 120 vimo, ila swichi zake ni chache na skrini inakuonyesha dunia kupitia tundu la funguo. Kwa helikopta za leo zenye kompyuta ndogo ndani inayochanganya servo yenyewe, rimoti haihitaji kujua mambo mengi, na hapo FS-i6 inatosha kabisa. Helikopta ya mjomba ni ya zamani, ina fimbo ya kuituliza yenye vipepeo juu ya mapanga, na hesabu zote ziko mabegani mwa rimoti.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia RadioMaster TX16S. Kwa fundi ile ni peremende. Inatumia betri mbili za 18650, zile tunazozichomoa kwenye betri za laptopu zilizokufa, na hilo ni jambo kubwa kwa kuwa rimoti nyingi zinakuja kutoka China bila betri. Ndani ya yangu kuna chipu nne za redio. CC2500 inaongea na risiva za FrSky na S-FHSS ya Futaba. CYRF6936 inaongea Kispektrum. A7105 inaongea Kifulaiskai, na NRF24L01 inaongea na midoli mingi ya Kichina. Wazazi wananiletea vidrone vilivyopotezewa rimoti na vingi vyake vinanitii. Hiyo peke yake imerudisha nusu ya bei.

Programu yake ni EdgeTX, ya wazi, imeandikwa na wapenzi wenyewe. Haina fomu za kujaza. Inakupa karatasi nyeupe na kalamu, unaandika sharti lolote: swichi hii ikiwa juu na kijiti kikiwa chini na muda umefika, fanya vile. Hata sauti ni faili tu kwenye kadi ya kumbukumbu. Nilimrekodi binti yangu, miaka saba, nikaweka sauti yake mahali pa yule mama wa Kiingereza. Volti zikishuka, rimoti inasema "Baba, betri!" kwa sauti ya mtoto anayedai chai. Siku ya kwanza uwanjani watu waligeuka kutafuta mtoto yuko wapi.

Karatasi nyeupe ina ubaya wake. Nilitumia jioni tatu kuihamishia helikopta ya mjomba kwenye TX16S. Jioni ya tatu nikaijaribu mezani, mapanga makubwa nimeyatoa. Swichi ya kuua mota iko chini, nina uhakika, naiona. Nikagusa swichi ya mkunjo wa pili ili nione namba zake kwenye skrini, na mota ikalipuka kwa kasi yote, bisibisi ikaruka mezani. Nilikuwa nimeandika sharti la kuua mota juu ya lile la mkunjo, na rimoti inasoma mistari kwa mpangilio, wa mwisho ndiye mwenye neno. FF9 isingeniruhusu kukosea hivyo, kwa sababu hainipi nafasi ya kuandika chochote. Alhamdulillahi mapanga yalikuwa kabatini. Mjomba hakusema kitu. Alikwenda kuokota bisibisi.

Kuna suala jingine ambalo wauzaji hawaliweki kwenye tangazo, nalo ni vijiti vyenyewe. Vya FS-i6 na vya FF9 vinasomwa na poteshometa, kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Unajua redio ya zamani inavyokwaruza ukizungusha sauti? Sasa fikiria mkwaruzo huo uwe kwenye mkia wa helikopta. Na sisi tuko Tanga, hewa yenyewe ina chumvi. Kila mwaka nazipulizia dawa ya kusafishia vituo. TX16S inasoma vijiti kwa sumaku, hakuna kinachosuguana. Hata hivyo nikifumba macho na kushika zote mbili, mkono unachagua ya mjomba. Kijiti chake cha mota hakina meno, kinapanda laini kama mafuta ya nazi, na helikopta inataka hivyo. Wenye ndege hupenda kile chenye meno kinachosikika tik-tik-tik.

Ubaya ni kwamba siwezi kuirusha. Mjomba ni mtu wa modi ya kwanza: mota mkono wa kulia, pua ya juu-chini mkono wa kushoto. Mimi nilijifunza modi ya pili, kinyume. Nilijaribu kwenye simuleta ya kompyuta, nikaiangusha helikopta mara tisa kabla ya chai.

Kwa ndege zangu mwenyewe sasa natumia ExpressLRS, moduli niliyoichomeka mgongoni mwa TX16S. Nayo ni kazi ya wazi ya watu wa kujitolea, inatumia LoRa, mtindo wa kutuma ishara unaofika mbali kwa nguvu ndogo. Unachagua kasi ya ujumbe, kuanzia 50 kwa sekunde hadi 500. Ukipunguza kasi unasikika mbali zaidi, kama unavyomwita mvuvi aliye ngalawani: ukimfokea harakaharaka anapata upepo tu, ukimvutia jina lake taratibu anageuka. Kuoanisha ni kwa maneno ya siri unayoyaweka pande zote mbili. Yangu ni methali; haiandikwi hapa. Kijana mwenye pesa ya rimoti moja tu maishani, anayetaka ndege, namwambia anunue yoyote yenye EdgeTX na ExpressLRS ndani, hata ile ndogo ya RadioMaster Pocket, na akae na mtu wa kumwonyesha wiki ya kwanza.

Helikopta ya mjomba ilibaki na kesi yake. Risiva ya megahezi 35 ilikuwa imeanza kupoteza usikivu, na kumpa TX16S ilikuwa kama kumpa mzee kobazi mpya za mguu wa mtu mwingine. Mwisho nikakumbuka kwamba ile moduli ya chipu nne, zikiuzwa za kuchomeka nje, nyingine zina kitufe cha kuzungusha chenye nafasi kumi na tano za kupokea PPM ya kizamani. Nikaagiza. Nikaibadilisha FF9 kutoka PCM kwenda PPM, nikaichukua ishara kwenye tundu la nyuma la kufundishia (linalounganisha rimoti ya mwalimu na ya mwanafunzi), umeme nikauvuta kwenye betri yake, moduli nikaifunga mgongoni kwa gundi ya pande mbili. Vijiti ni vyake, kurasa zake zote ziko vilevile, hewani inaruka masafa kama za vijana. Nikaiwekea failisefu, tukatoa mapanga, tukazima rimoti. Mota ikafa.

"Tena," akasema. Tukarudia mara nne.

Asubuhi ya Jumapili, kabla upepo haujaamka, aliipandisha kimo cha kifua na kuisimamisha hapo, haiendi mbele wala nyuma, kivuli chake kimetulia kwenye nusu ya kiwanja. Mikono haikutetemeka. Antena ndefu ya chuma haijaunganishwa na kitu tena, nilimweleza. Alikuwa ameivuta yote, kipande kwa kipande, kabla ya kuwasha.